Shuka la Delphia Darajani

Asubuhi za Aprili ukungu hushuka katika Bonde la Larkey ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Hufunika kijito, hufunika njia, hupanda ngazi za kibaraza cha Orval Stiltner hadi ukamlamba viatu. Orval hukaa hapo na kikombe cha kahawa kinachopoa mkononi, na mara nyingi hajui kama ameamka au bado yumo usingizini. Humwona mkewe Delphia akitokea upande wa daraja, amevua viatu kavishika mkononi, kama alivyozoea njia ikiwa na matope. Humwona akija taratibu, sketi imelowa pindoni. Kabla hajafika langoni hugeuka kuwa mkuyu ulioinamia maji, na Orval hunywa ile kahawa iliyokwisha kupoa.

Delphia amekufa. Hilo Orval analijua vizuri. Tena anamjua aliyemuua, ingawa hakuna polisi atakayemkamata, maana muuaji mwenyewe huvaa tai na kupigiwa makofi.

Nyuma ya nyumba lipo banda la kuku. Paa lake, kuta zake, hata mlango wake, ni mabango ya Gaylon Cutlip. Gaylon ni binamu wa marehemu Delphia, mtoto wa mjomba wake, na ndiye mjumbe wa watu wa Larkey katika Baraza la Wajumbe kule Charleston, yanakotungwa mambo yote ya Virginia ya Magharibi, mazuri machache na mabaya mengi. Kila miaka miwili Gaylon aligombea. Kila miaka miwili Delphia alimsimikia mabango uani, na kura zikishahesabiwa Orval aliyang'oa akayapigilia bandani. Kwa hiyo anayetaka kujua siasa za bonde hili hana haja ya kwenda shule. Aingie kwa kuku, alale chali, atazame juu.

Juu ya mlango ipo mbao ya kwanza kabisa, imeandikwa kwa mkono wa Delphia, kwa rangi ya buluu iliyobaki walipopaka jiko. CUTLIP, WA KWETU. Mwaka huo Gaylon alikuwa kijana mwenye nywele za kumwaga, ametoka mgodini juzi, weusi wa makaa bado uko kwenye kucha. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema jambo moja tu, kwamba daraja la Larkey limechoka na yeye atawajengea jipya. Alishindwa kwa kura ambazo zingetosha ndani ya basi moja la shule. Alikuja kulia kwenye meza ya Delphia, akala maharage na mkate wa mahindi huku kamasi zikimtoka, na Delphia akamwambia afute uso, aliyeangushwa na punda hasusi safari.

Miaka miwili baadaye akashinda. Kutoka hapo mabango yanafuatana, ya plastiki, yote ya buluu, yana picha, na ukiyafuata kwa macho kutoka mlangoni hadi kwenye viota unaona nywele za Gaylon zikirudi nyuma na tumbo likija mbele. Alishinda, akashinda, akashinda tena. Wakampa uenyekiti wa kamati ya barabara, na siku hiyo Delphia alioka pai mbili, moja ikapelekwa Charleston kwenye mapaja yake mwenyewe. Daraja, Gaylon alisema, lipo kwenye mpango.

Ni yeye mwenyekiti aliyenyanyua mkono siku Baraza liliporuhusu malori ya makaa yabebe uzito zaidi. Watu wa kampuni walimwambia bila hivyo mgodi utafungwa, naye akaamini, au alilipwa aamini, Orval hajui na hana haja ya kujua. Malori yakaanza kupita usiku na mchana. Daraja likaanza kukohoa. Mwishoni mgodi ulifungwa vilevile, malori yakaenda kusikojulikana, na watu wa barabara wakaja kusimika kibao cha njano: gari la zaidi ya tani tatu lisipite.

Halafu bandani kuna pengo, mahali ambapo mvua huingia. Hiyo ndiyo miaka ambayo Gaylon hakuwa na bango. Alitaka Seneti ya jimbo, akarukia tawi la juu, likavunjika, akakaa nyumbani akiuza bima. Kuku hawalali pale mpaka leo.

Aliporudi, alirudi mwekundu. Alikuwa amehama chama. Delphia alilitazama lile bango jekundu kwa muda mrefu, kisha akachukua nyundo akaenda kulisimika, akisema chama ni nguo, damu ni damu. Orval akasema kuku watadhani banda linaungua. Gaylon mwenyewe alikuja kueleza, akasimama uani na kofia mkononi.

"Chama ndicho kilichoniacha, shemeji," alisema. "Mimi nimesimama palepale."

"Hata daraja limesimama palepale," Orval akamjibu.

Lakini alimpigia kura. Alimpigia kila mara, kwa sababu kila mara Delphia alimshika mkono wakavuka daraja kwa miguu hadi ukumbi wa kanisa. Njia nzima alimminya vidole, na mwanamume anayeminywa vidole vile huandika anachotakiwa.

*

Ilikuwa Februari, mchana mweupe, barafu imekaa juu ya kila kitu kama sukari. Delphia aliweka chini sufuria, akasema kifua kinambana, akaketi sakafuni polepole kama mtu anayeokota sindano.

Lonzo Vance, dereva wa gari la wagonjwa la kujitolea, alifika ng'ambo ya kijito upesi kuliko ilivyotarajiwa. Hapo akasimama. Gari lake lilikuwa zito kuliko kile kibao kilivyoruhusu. Njia ya kuzunguka mlima ingekula saa nzima, na barafu ingeongeza ya pili. Lonzo na mwenzake wakashuka, wakavuka na machela kwa miguu, wakiteleza, wakashikana, wakafika. Wakambeba. Orval alitembea kando ameshika viatu vya mkewe, hajui kwa nini alivichukua. Katikati ya daraja Delphia alifungua macho akavitazama, akasema, "Visilowe." Kisha hakusema tena.

Baadaye kila mtu alikuwa na sababu yake. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka. Ofisi ya barabara ilisema kibao kilikuwepo kwa usalama wa watu. Gaylon alikuja mazikoni akalia, na alilia machozi ya kweli, machozi ya mtoto wa mjomba aliyelishwa mezani kwa marehemu, na hilo ndilo lililomchoma Orval kuliko yote. Angalau angekuwa mnafiki mtu angejua pa kutema mate.

*

Jumapili ya mwisho ya Mei watu wa Larkey hupanda kilimani kusafisha makaburi ya jamaa zao. Huweka maua mapya, hutandika nguo chini ya miti, hula kuku wa kukaanga na viazi katikati ya wafu wao, na watoto hukimbizana juu ya mababu bila kukemewa. Gaylon huja kila mwaka. Hujua kila kaburi kwa jina, na chini ya kila jina hujua wapiga kura wangapi wamebaki.

Mwaka huo alimkuta Orval amepiga magoti, anang'oa majani. Akapiga magoti naye, suruali ya suti na yote, akang'oa naye kwa muda. Halafu akasema.

"Shemeji, nataka daraja lipewe jina la Delphia."

"Daraja lipi?"

"Letu."

"Lile lililomuua."

Gaylon alifuta mikono. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba azimio litasomwa mbele ya Baraza zima, watu wote watasimama, na kibao kizuri cha kijani kitasimikwa, herufi nyeupe, kama vile vya wanajeshi na wachimbaji. Orval akamuuliza habari ya tani. Gaylon akasema tani ni mambo ya wahandisi na ya bajeti, hiyo ni vita nyingine, anaipigana. "Jina ndilo ninaloweza kukupa, ndugu yangu. Hilo liko mkononi mwangu."

"Kila mmoja hutoa alichonacho," Orval akasema. "Mbuzi hutoa kinyesi."

Gaylon alicheka, akampiga bega, akaenda kwenye kaburi jingine.

Orval hakutoa jibu kiangazi kizima. Lakini lile neno lilikuwa limeingia, na usiku lilimtembelea. Katika jimbo hili madaraja yote yana wafu. Huwezi kwenda kununua misumari bila kupita juu ya mtu, huyu alikufa vitani, huyu chini ya mwamba, huyu akizima moto, na wakubwa wa Charleston hawachoki kutoa majina, maana jina halina saruji. Hayo yote aliyajua. Hata hivyo katika ndoto zake madaraja hayo yalinyooka, moja baada ya jingine, juu ya mito isiyo na maji, na wafu walisimama kila mmoja kwenye mlango wa daraja lake, wamevaa vizuri, wanangoja. Delphia alikuwa akitembea kati yao pekupeku akitafuta mahali pa kusimama. Alimuuliza kila mmoja kwa adabu. Hakupata.

Hawakujaliwa mtoto. Hakuna mwingine atakayetamka jina la Delphia Stiltner baada ya Orval kufumba macho, ila jiwe la kaburi, na mawe ya Larkey hula herufi upesi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake: alilitaka lile jina lisimame njiani, alilitaka mpaka meno yalimuuma, na aliyekuwa analitoa ndiye yule yule.

Majani yalipoanza kuanguka alimpigia Gaylon simu. "Lisomwe," akasema, akakata.

Majira ya baridi Lonzo Vance alikuja na simu yake ya mkononi, wakaketi jikoni wakasikiliza Baraza. Mtu mwenye sauti kavu alisoma jina la Delphia, akasoma kwamba alikuwa mke mwema na mpishi wa jirani zake wote, wajumbe wakasema ndiyo kwa pamoja kama watu wanaopiga chafya, wakaendelea na jambo la samaki. Yai lisingeiva kwa muda ule. Orval akamwomba Lonzo arudishe nyuma lile jina, alisikie tena. Lonzo akarudisha. Akarudisha tena. Dirisha lilikuwa limejaa ukungu wa pumzi zao, na nje theluji ilianguka bila kugusa chochote.

*

Sherehe iliwekwa Aprili, karibu na kura za mchujo za chama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Gaylon alikuwa na mpinzani wa maana, muuza matrekta kutoka ng'ambo ya mlima, kijana mwenye meno mengi.

Desturi ya kuzindua daraja la jina watu wote wanaijua. Kibao hufunikwa, ndugu wa marehemu hukifunua, kisha gari la zimamoto au la wagonjwa huvuka kwanza, taa zinawaka, na watu hufuata kwa miguu nyuma yake. Vijana wa Gaylon walileta kitambaa chekundu cha kufunikia. Orval akawaambia warudi nacho walikotoka. Alitoa nyumbani shuka la Delphia, jeupe lenye vimaua vya zambarau, akalifunga mwenyewe kwa kamba juu ya kibao kipya. Chini yake, kwenye nguzo ileile, kile cha njano cha tani tatu kilibaki wazi. Hakuna aliyefikiri kukifunika.

Watu walikuja hata kutoka mabonde ya juu. Ukungu haukuondoka asubuhi hiyo. Walisimama ndani yake hadi magotini, kama watu waliopandwa. Gaylon alishika kipaza sauti akasema vizuri, hakuna anayemnyima hilo. Alisema habari za mkate wa mahindi na ile mbao ya buluu. Bibi mmoja akajifuta macho. Kisha akageuka ng'ambo ya kijito akapunga mkono, kama apungavyo kwenye magwaride, kuliita gari.

Alikuwa ameliagiza yeye mwenyewe. Alikuwa amepiga simu kituoni kwa mdomo wake, kama alivyopiga kwa madaraja mengine yote aliyoyapa majina, na hakukumbuka zile tani.

Gari la wagonjwa lilikuja kwenye ukungu polepole, taa zake nyekundu zikizunguka bila sauti, zikitia rangi maji na mikuyu na nyuso za watu. Lilifika kwenye mlango wa daraja. Likasimama.

Gaylon akapunga tena.

Lonzo Vance hakusogea. Alitoa mkono dirishani akaonyesha kidole, bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kifungo kilichofunguka. Watu wote wakageuza shingo kutazama kile kibao cha njano chini ya shuka.

Kijito kilipita chini ya daraja. Lonzo akazima gari. Akashuka, akavua kofia, akavuka daraja kwa miguu. Mikono yake ilikuwa mitupu, lakini alitembea kama mtu aliyebeba kitu, akichagua pa kukanyaga, hata barafu ikiwa haipo. Alipofika upande huu alisimama karibu na Orval.

Gaylon alikuwa amegeuka rangi. Aliinama sikioni kwa Orval, akisahau kipaza sauti mkononi mwake, na wote walisikia.

"Vuta shuka, shemeji. Watu wanangoja."

Orval alikuwa ameshika pindo. Nguo ile ilikuwa baridi na laini, inanuka sabuni ya kabatini. Nyuma yake, karibu kabisa, lilikuwepo jina. Angevuta kidogo tu. Herufi nyeupe, kila mpita njia, miaka na miaka baada yake. Alifumba macho akamwona Delphia mlangoni mwa daraja, hatimaye amepata mahali pa kusimama, kibao cha njano kimemning'inia shingoni.

Akaachia pindo.

"Nitalivuta siku Lonzo atakapovuka na gari," akasema.

"Hilo si langu peke yangu, Orval. Unajua."

"Najua. Yalipokuja malori hukusema hivyo."

Gaylon alinyanyua mkono wake mwenyewe kuelekea shuka. Angeweza; ana mwili, na alikuwa ndugu wa marehemu kwa haki. Mkono ukafika kwenye vile vimaua vya zambarau ukakaa hapo. Alipokuwa mtoto, kila baba yake alipolewa, Delphia alikuwa akimtandikia sakafuni, na mashuka ya Delphia hayakuwahi kubadilika sura. Alikaa hivyo, mkono juu ya nguo, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa. Kisha akaushusha, akazima kipaza sauti.

Watu walikwenda ukumbini wakala, maana chakula kilikuwa kimepikwa, viazi na vitunguu pori vinavyonuka siku tatu mdomoni. Waliongea kidogo.

*

Gaylon alishinda. Hilo nalo liandikwe. Bonde la Larkey lilimnyima kura, mara ya kwanza tangu ile mbao ya buluu, lakini ng'ambo ya mlima walimpa, maana wao hawana daraja bovu na meno mengi ya yule kijana yaliwatia shaka. Wakubwa hawaanguki kwa sababu ya bonde moja. Lakini hakuleta bango mwaka huo, wala hakuna aliyemsimikia, na lile pengo bandani likaendelea kuvuja.

Shuka lilibaki. Kiangazi watu wa ofisi ya barabara walitumwa kuja kuliondoa. Lori lao lilikuwa zito, wakaliacha ng'ambo, wakaja kwa miguu na ngazi begani. Walitazama vimaua. Walimtazama mzee kibarazani, hajafanya lolote, anakunywa kahawa yake. Walirudi na ngazi yao.

Mvua ikalinyeshea, jua likalipausha, baridi ikalikausha likawa gumu kama ubao, kisha likalegea tena. Asubuhi za ukungu lilionekana kupumua. Wageni waliopotea njia walifunga breki.

Aprili iliyofuata Orval alikuwa kibarazani, au ndotoni, na Delphia akaja upande wa daraja, viatu mkononi. Safari hii hakugeuka mti. Alifika langoni akaegemea.

"Orval," alisema. "Naonekana."

Akaamka, au akasimama, akaenda kutazama. Jua lilikuwa nyuma ya kibao, na kweli nguo ilikuwa imechakaa hadi herufi zinapenya, D, kisha E, kisha L, hafifu, kama jina linaloitwa kutoka chumba cha pili.

Alirudi ndani akafungua kabati. Delphia alikuwa mwanamke wa mashuka mengi. Aliyapenda, akayapanga, akayatilia majani makavu yanukie. Orval alichukua la juu na hakugusa mengine.

Alipofika darajani palikuwa na gari dogo limeegeshwa ng'ambo, taa zinawaka ndani ya ukungu. Gaylon Cutlip alikuwa amesimama chini ya kibao, peke yake, bila tai, anatazama juu.

Orval alilikunjua shuka alilolileta. Lilikuwa kubwa, la kitanda cha watu wawili, na upepo wa kijito ukalichukua nusu.

"Umeleta daraja?" akamuuliza.

"Bado, shemeji."

"Basi shika ncha hiyo."